Maisha ya Daktari Robert Koch

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Mji huo umo milimani, na kazi kubwa ya watu wake siku zile ilikuwa kuchimba madini. Baba yake alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo. Watoto nyumbani walikuwa wengi, na fedha haikuwa nyingi. Husemwa kwamba Robert alijifunza kusoma mwenyewe kwa magazeti, kabla hajatiwa shuleni. Alipokua alisoma uganga katika chuo kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866.

Mwaka 1872 alifanywa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao sasa umo katika nchi ya Poland. Mchana aliwatibu wagonjwa. Kazi ilipokwisha alikaa mbele ya hadubini aliyopewa na mkewe, akatazama vitu ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona.

Katika wilaya ile kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa kwa kimeta, na wenye mifugo hawakujua mauti yanatoka wapi. Koch akachonga vijiti vyembamba, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, akawachoma panya. Panya wakafa, na katika damu yao akaona vijidudu vyenye umbo la fimbo, sawasawa na vile vya kondoo. Tena akaona jinsi vijidudu hivyo vinavyojigeuza kuwa kama mbegu ngumu, ambazo hukaa udongoni miaka mingi pasipo kufa. Basi ikajulikana kwa nini malisho yale yale yaliua kundi baada ya kundi. Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu kazi hiyo, na jina lake likaanza kuenea.

Baadaye aliitwa Berlin, mji mkuu. Huko, tarehe 24 Machi 1882, alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Zamani zile ugonjwa huo uliua watu wengi mno katika Ulaya, maskini na matajiri, na wengi walidhani kwamba mtu hurithi tu kutoka kwa wazazi wake. Sasa adui alikuwa na sura.

Lakini kumjua adui ni jambo moja, na kumshinda ni jambo la pili. Si kila aingiwaye na kijidudu huugua, wala si kila auguaye hufa, kwa maana mwili una walinzi wake. Boma la kwanza ni ngozi. Kijidudu kikipenya jerahani, hukutana na chembe nyeupe za damu, na baadhi ya chembe hizo hukimeza. Chembe nyingine hujifunza alama za adui, zikatengeneza kingamwili, yaani silaha inayomshika adui mwenye alama zile tu, kama ufunguo na kufuli lake. Vita vikiisha, chembe chache hubaki zikikumbuka. Adui yule akirudi, hukuta silaha tayari. Ndiyo sababu mtu aliyepona ndui kwa kawaida hakuugua ndui tena.

Mambo hayo hayakugunduliwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Mwaka 1890 wasaidizi wawili wa Koch, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya pepopunda kidogo kidogo huweza kuiua nguvu sumu hiyo katika mwili wa mnyama mwingine.

Mwaka huo huo Koch mwenyewe alikosa. Alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tubakulini, iliyotokana na vijidudu vyenyewe, na mwanzoni akaficha jinsi ilivyotengenezwa. Wagonjwa wakakimbilia Berlin kutoka nchi nyingi. Dawa haikuwaponya, wengine walizidi kuugua, na wengine wakafa. Sababu yake ni hii. Kijidudu cha kifua kikuu kina hila: kikimezwa na chembe mlinzi, hakifi, bali huweza kuishi ndani yake. Basi mwili hukizungushia kama ukuta, na huenda kikalala humo miaka mingi. Tubakulini iliwaamsha walinzi ghafula, wakapigana kwa ukali penye ugonjwa, na nyama ya mapafu ikaumia vitani. Miaka mingi baadaye dawa hiyo ilipata kazi nyingine iliyo njema: tone dogo likitiwa katika ngozi, ngozi huvimba kama mwili umekwisha kukutana na kijidudu hicho.

Koch alisafiri sana. Alikwenda Misri na Uhindi kwa ajili ya kipindupindu, na Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka ya ng'ombe. Alifika Dar es Salaam mara ya kwanza mwaka 1897, akarudi mwaka 1905, naye amekwisha kuwa mzee wa miaka 61. Safari hii alifuata njia ya misafara, kupita Morogoro na Kilosa, akapanda mpaka nchi ya Wahehe, Iringa. Ilikuwa miaka 7 tu tangu kifo cha Mtwa Mkwawa, na nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani.

Katika njia hiyo watu waliugua homa ya ajabu. Mgonjwa hushikwa na homa kali siku chache, kisha homa humwacha, akadhani amepona. Baada ya siku kadha homa humrudia, tena na tena. Wenyeji walimjua papasi, mdudu wa jamii ya kupe. Papasi hakai mwilini mwa mtu. Hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo, usiku hutoka kunyonya damu, na kabla ya mapambazuko amekwisha kurudi. Koch akawakusanya papasi katika vibanda na makambi ya misafara, akawapasua, akaona ndani yao vijidudu virefu vilivyojipinda kama parafujo. Zaidi ya hayo, aliviona katika mayai ya papasi. Kumbe mama huwarithisha watoto wake, na nyumba isiyolala mgonjwa hata mmoja yaweza kuwa na hatari bado. Madaktari wengine katika Uganda na Kongo walikuwa wakiichunguza homa hiyo wakati ule ule. Mmoja wao, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyo hiyo huko Kasongo mwezi wa Februari 1905.

Koch akaona jambo jingine. Wageni waliolala katika vibanda vile, Wazungu na wapagazi waliotoka nchi zisizo na papasi, ndio walioanguka. Watu wazima wa vijiji vile walilala juu ya sakafu zile zile miaka yote, wala hawakuugua sana. Akafahamu kwamba waliugua utotoni, na miili yao ikajifunza. Jambo kama hilo alikuwa ameliona katika malaria huko New Guinea mwaka 1900: vijidudu vilijaa katika damu ya watoto, na katika damu ya wazee wao vilikuwa haba.

Lakini kinga hiyo ilinunuliwa kwa bei kubwa, na walioilipa ni watoto wachanga na mama wenye mimba. Koch aliwashauri wasafiri wapige hema mbali na vibanda na makambi ya zamani. Shauri hilo liliwasaidia wenye hema. Wanakijiji walibaki na papasi wao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wataalamu wa baadaye walieleza kwa nini homa ile hurudi. Kingamwili huviua vijidudu karibu vyote, ila vichache hubadili vazi lao la nje. Walinzi huvitafuta kwa alama za zamani wasivione, navyo huongezeka mpaka mwili ujifunze vazi jipya. Kijidudu cha malale nacho hutumia hila hiyo.

Mwezi wa Desemba 1905 Koch alipewa Nishani ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Mwaka 1906 alirudi Afrika, akakaa katika visiwa vya Sese, Uganda, akitibu malale kwa dawa iitwayo atoksili. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kwa muda, lakini wengine walipofushwa macho na dawa hiyo. Watu wa Sese hawakuwa na njia ya kukataa kama walivyo nayo wagonjwa wa leo, na jambo hili halifai kusahauliwa anaposifiwa. Alikufa tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, Ujerumani.

Siku ile ya 24 Machi sasa hukumbukwa kila mwaka duniani kuwa siku ya kifua kikuu. Ugonjwa huo haujakwisha, lakini dawa za kuuponya zimepatikana, mgonjwa akizimeza zote mpaka mwisho. Katika zahanati za Mbeya na Iringa mtoto mchanga hupewa chanjo ya BCG, iliyotumiwa kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1921. Ndani yake mna vijidudu vya jamii ile ile vilivyopunguzwa nguvu. Chanjo hiyo haizuii kila kifua kikuu, hasa cha watu wazima, bali huwakinga watoto wadogo na namna zake zilizo kali. Kovu dogo linalobaki begani ni alama ya somo ambalo mwili umefundishwa. Zamani somo kama hilo lilipatikana kwa kuugua, na watoto wengi walikufa kabla hawajalimaliza.