Mwalimu Enoch Sontonga na Wimbo Wake

Watoto wa shule hapa Isevya huimba wimbo wa taifa, wala wengi hawajui ni nani aliyeitunga sauti yake. Twaona yafaa tueleze habari za mtu huyo, maana naye alikuwa mwalimu wa misheni, kama wengi wenu.

Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, alizaliwa Uitenhage, Afrika ya Kusini, yapata mwaka 1873. Alijifunza ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale, kisha akapelekwa Nancefield, karibu na Johannesburg, kufundisha katika shule ya Wamethodisti. Huko aliongoza kwaya, akahubiri, tena alikuwa mpiga picha. Nyimbo alizowatungia wanafunzi wake aliziandika katika daftari. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo wa kuiombea Afrika baraka. Mwaka 1899 ukaimbwa mbele ya watu, siku ya kuwekewa mikono mchungaji Boweni.

Siku zake zilikuwa chache. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, asiuone wimbo wake ukifika mbali. Kwaya zikamwendea mjane wake, Diana, kuazima daftari lile, hata mwisho likapotea. Lakini wimbo haukupotea. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, Waafrika walipoanzisha chama cha kutetea haki zao. Mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, ikauchukua kwa maneno ya Kiswahili.

Na kaburi lake? Miaka mingi halikujulikana. Watu walitafuta jina la Sontonga, kumbe katika kitabu cha makaburi ya Braamfontein ameandikwa kwa jina la ubatizo tu, Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua ukumbusho mahali hapo.

Sisi wa Tabora twaijua hali hii. Wapagazi wa Unyamwezi walishuka pwani wakiimba chini ya mizigo yao. Majina ya waliotunga nyimbo hizo hatunayo. Basi, walimu na wainjilisti, mtu wa usharika wenu akitunga wimbo, andikeni jina lake lote chini yake, mkalitunze daftari. Mungu hamsahau mtumishi wake. Bali sisi twasahau upesi.