Robert Kronfeld, rubani aliyevuka bahari mara mbili bila moteri

Tarehe 20 mwezi wa sita mwaka 1931, ndege moja iliruka kutoka Saint-Inglevert, kaskazini mwa Ufaransa, ikivuta kwa kamba planeri, yaani ndege isiyokuwa na moteri. Ndani ya planeri alikuwemo Robert Kronfeld, kijana wa miaka 27. Walipofika juu sana, alifungua kamba, akaelea hewani hadi Dover, Uingereza. Siku hiyo hiyo alivutwa tena, akarudi Ufaransa. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka bahari hiyo kwenda na kurudi kwa planeri. Gazeti Daily Mail likampa zawadi ya pauni 1,000.

Kronfeld alizaliwa Vienna, nchini Austria, mwaka 1904. Mwaka 1929, huko Ujerumani, alikuwa wa kwanza kupitisha kilometa 100 kwa planeri.

Haikuwa kazi ya mchezo. Ndege mbili zikifungwa kwa kamba moja, kila rubani anashika maisha ya mwenzake. Planeri ikipanda juu kupita kiasi, inainua mkia wa ndege inayoivuta, na pua ya ndege hiyo inaelekea chini. Hatari ingine ni wakati wa kuachana, sababu zote mbili ziko karibu na zinaweza kugongana. Ndiyo maana leo rubani wa planeri anatazama kwanza pembeni, anafungua kamba, anahakikisha imetoka, kisha anageuka upande mmoja. Ndege iliyomvuta inashuka upande mwingine. Pande hizo zinajulikana mbele ya kuruka.

Mwaka 1932, planeri yake iliyoitwa Austria, yenye mabawa ya meta 30, ilivunjika ndani ya wingu la dhoruba. Parashuti ikamwokoa. Mwaka uliofuata, Hitler alitwaa madaraka Ujerumani, na Wayahudi wakafungiwa milango ya vilabu vya ndege. Kronfeld, ambaye alikuwa Myahudi, aliondoka. Baadaye akawa raia wa Uingereza, na wakati wa vita ya pili ya dunia akatumikia jeshi la anga la nchi hiyo.

Tarehe 12 mwezi wa pili mwaka 1948, alikuwa akijaribu planeri mpya isiyokuwa na mkia, kusini mwa Uingereza. Ilishindwa kuelea, ikapinduka, ikaanguka. Mwenzake aliruka kwa parashuti, akapona. Kronfeld akafa, akiwa na miaka 43.

Hadi leo planeri zinavutwa kwa kamba kama yake, na kila siku usalama unategemea watu wawili kuachana vizuri.