Karamojo Bell: Mwindaji wa tembo aliyeamini risasi ya gramu 3

Jina lake kamili ni Walter Dalrymple Maitland Bell, lakini wawindaji wanamjua kama Karamojo Bell. Jina hilo lilitokana na Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, alikowinda tembo mwanzoni mwa karne ya 20. Amekufa zaidi ya miaka 70 iliyopita, na bado watu wanabishana kuhusu kitu kimoja: risasi alizochagua, kwanza kwa tembo wa Afrika, kisha kwa ayala wa kwao Scotland.

Yatima aliyetoroka nyumbani

Bell alizaliwa mwaka 1880 karibu na Edinburgh. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, baba naye akafuata, akalelewa na kaka zake. Shule haikumkaa. Akiwa na miaka 13 alishaingia baharini, na alipofika 16 hivi alikuwa Afrika Mashariki, ameajiriwa kuwinda simba waliokuwa wakiwasumbua watu wa Reli ya Uganda.

Baada ya hapo alikwenda Canada, kwenye dhahabu ya Klondike. Huko aliwinda na kuuza nyama kwa wachimbaji wa Dawson City, lakini mwenzake akamtapeli pesa, mpaka ikabidi auze bunduki yake. Akajiunga na kikosi cha Canada kilichokwenda Afrika Kusini kwenye vita vya Makaburu. Vita ilipokwisha mwaka 1902, akarudi Afrika Mashariki na wazo moja tu kichwani: pembe za ndovu.

Kituo chake cha kuanzia kilikuwa Mumias, ambako sasa ni magharibi mwa Kenya. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa wakikutana pale kabla ya kuingia bara na misafara yao. Bell naye akapanga wapagazi, akaelekea Karamoja.

Bunduki ndogo, tembo mkubwa

Wakati huo wawindaji wengi wa tembo walibeba bunduki nzito. Kichwa cha risasi cha bunduki kubwa ya .577 kilifika gramu 48, na kishindo chake kilimtikisa mpigaji mwenyewe. Bell aliona huo ni mzigo wa bure. Yeye alichukua bunduki ya Rigby ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 tu.

Siri ilikuwa umbo la risasi hiyo. Ilikuwa ndefu, ya duara mbele, na imefunikwa kwa ganda gumu ili isibadilike umbo inapogonga mfupa. Kasi yake ilikuwa mita 700 hivi kwa sekunde, si kubwa kwa vipimo vya leo, ila ilipita moja kwa moja bila kupinda. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa. Alijifunza kuulenga kutoka kila upande, hata akiwa nyuma ya mnyama kwa pembeni.

Jambo jingine alilolijali ni uhakika. Alikuwa na bunduki nyepesi ya milimita 6.5 aliyoipenda sana, lakini risasi alizozipata zilimwangusha: nyingine hazikulipuka, nyingine maganda yalipasuka. Akaiacha. Mbele ya tembo, risasi isiyolipuka inaweza kuwa mwisho wa mtu.

Kwa hesabu yake mwenyewe aliua tembo 1,011, karibu 800 kati yao kwa ile ya milimita 7. Leo hesabu hiyo ni nzito kuisoma, maana biashara ile ya pembe ilifyeka makundi ya tembo katika eneo lote. Bell alikuwa mtu wa zama zake, na pembe ndizo zilizomtajirisha.

Kutoka Karamoja hadi milima ya Scotland

Vita ya Kwanza ya Dunia ilimkuta msituni. Alikwenda kujifunza urubani, akarushwa tena Afrika Mashariki kupeleleza majeshi ya Wajerumani huko Tanganyika, na akapata nishani ya Military Cross. Baadaye alistaafu uwindaji wa tembo, akakaa na mkewe Katie huko Corriemoillie, kwenye nyanda za juu za Scotland.

Huko hakukuwa na tembo. Kulikuwa na ayala mwekundu, mnyama mwenye pembe zenye matawi kama mti. Dume lake linaweza kupita kilo 100, lakini ngozi na mbavu zake ni laini ukilinganisha na fuvu la tembo.

Mwaka 1935 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi mpya iitwayo .220 Swift. Kichwa chake kilikuwa na gramu 3 tu, pungufu ya kijiko cha chai cha sukari. Ila kasi yake ilikuwa balaa: mita 1,250 kwa sekunde. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo waharibifu. Bell akaijaribu kwa ayala, na matokeo yakamshangaza. Wakipigwa kifuani, walianguka palepale kana kwamba wamepigwa radi. Aliamini kasi yenyewe ndiyo iliyoua, kwa mshtuko uliosambaa ndani ya mwili.

Kumbe hapa alikuwa ameigeuza kanuni yake ya zamani. Kwa tembo alitaka risasi ngumu inayofika mbali bila kufunguka. Kwa ayala alitumia laini inayopasuka mara tu ikiingia kati ya mbavu. Hata hivyo swali lilibaki lilelile: risasi ikishaingia, inatakiwa ifanye nini?

Pale kasi inapogeuka tatizo

Wengi walioiga bunduki zake ndogo walisahau ule msumeno na lile fuvu. Risasi nyepesi na laini ikienda kasi sana na kugonga mfupa wa bega, inaweza kupasukia juujuu. Jeraha linakuwa pana lakini fupi, haligusi moyo wala mapafu. Mnyama anakimbia, anajificha, anakufa taratibu kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana wawindaji wa ayala wenye bunduki za kasi kubwa huchagua risasi nzito kidogo, yenye ganda nene au ya shaba tupu. Inatanuka vizuri, lakini inabaki kipande kimoja mpaka ifike ndani.

Bell alifariki mwaka 1954. Miaka 31 baadaye, sheria ya Scotland ya 1985 ikasema ayala mwekundu apigwe kwa risasi inayotanuka, yenye uzito usiopungua gramu 6.5 hivi na kasi isiyopungua mita 747 kwa sekunde. Kwa kasi, .220 Swift ingepita bila shida. Kwa uzito, haifiki hata nusu. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa hadi gramu 5.2 hivi, ili kurahisisha matumizi ya risasi zisizo na madini ya risasi, kwa kuwa shaba ni nyepesi. Hata hapo, kipenzi cha Bell bado kipo nje.

Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mpigaji wa kawaida, anayetetemeka kidogo, anayekosea sentimita chache. Bell alikuwa na mkono usiotikisika na miaka mingi ya kujua moyo wa mnyama ulipo. Risasi yake mtu yeyote angeweza kuinunua dukani.