Mwalimu Nyerere, mchumi aliyejua anadaiwa



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ngaramtoni, na nawaambia ukweli, Jumamosi mbili mfululizo niliikwepa jumuiya. Sikuwa naumwa. Nilikuwa naona aibu. Wakati naondoka kwenda chuo kusomea uchumi wa kimataifa, wanajumuiya walinichangia: huyu debe la maharage, yule elfu tano, bibi mmoja alileta kuku wake akauzwa sokoni siku ileile. Ongeza na bumu, ambalo nalo ni hela ya walipa kodi. Sasa niko mwaka wa tatu, na mpango wangu ulikuwa kutafuta kazi Dubai au Ulaya, niwe natuma hela Krismasi na Pasaka, basi. Halafu kuna mzee mmoja pale jumuiya, mwenye kahawa yake huko juu mlimani, ambaye kila akiniona ananiuliza swali lilelile: kwa nini bei ya kahawa yake inapangwa na watu wasio na hata mche mmoja wa kahawa. Mwaka wa kwanza nilimjibu kiujanja ujanja. Mwaka wa pili nikaanza kubadilisha njia nikimwona.

Katika kujificha huko ndani ndipo nikaanza kusoma maisha ya Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Habari za Rais na Baba wa Taifa tulishakaririshwa shuleni mpaka zikatuchosha. Safari hii nilimtafuta mwanafunzi wa uchumi.

Alizaliwa Butiama Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Mtoto wa chifu, ndiyo, lakini alichunga mbuzi kama wengine, na darasa la kwanza, pale Mwisenge Musoma, alilianza 1934 akiwa na miaka kama 12. Akaenda Tabora, kisha Makerere. Ubatizo aliupokea akiwa mtu mzima, Desemba 1943, kwa hiari yake mwenyewe, akachukua jina la Julius. Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's Tabora, na hapo Padre Richard Walsh wa Wamisionari wa Afrika akamsukuma aendelee na masomo.

Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Scotland. Hebu fikiria. Ana miaka 27, ni mwalimu mwenye mshahara, anaacha kila kitu kwenda kwenye baridi ile kukaa darasani tena. Alisoma uchumi, historia na falsafa, akatunukiwa M.A. mwaka 1952, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata digrii Uingereza. Wakati huo mtu mwenye karatasi ile angeweza kuomba cheo chochote ambacho mkoloni alikubali kumpa Mwafrika. Yeye alirudi, mwaka 1953 akamuoa Maria Gabriel Magige, akaenda kufundisha kwenye shule ya misheni, St. Francis Pugu.

Hapa ndipo nilipoanza kuchomwa. Julai 7, 1954 ikazaliwa TANU, yeye akiwa Rais wake. Machi 1955 alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika, na aliporudi akatakiwa achague: ualimu au siasa. Aliacha kazi mwezi huohuo. Ana mke, ana mtoto mchanga, hana mshahara. Akarudi nyumbani Musoma, na kwa muda akawa anamfundisha Kizanaki padre mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll, na kutafsiri Injili kwa lugha hiyo. Msomi wa uchumi kutoka Edinburgh anafundisha lugha ya nyumbani kwao ili familia ile! Mimi ningeona nimefeli maisha.

Baada ya uhuru aliwahi kutoa mfano ambao niliusoma nikafunga kitabu, nikakaa kimya kidogo. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba msomi wa nchi maskini ni kama mtu aliyekabidhiwa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila kile chakula asirudi, huyo ni msaliti. Nikawakumbuka maharage, elfu tano na yule kuku.

Na hakuishia kusema. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamikia masharti yake na pesa watakayolipwa. Aliwafukuza karibu 400 wakarudi makwao. (Tuseme tu kweli: adhabu ilikuwa kali.) Lakini papo hapo akakubali kwamba mishahara ya wakubwa serikalini ni minono mno, akakata wa kwake kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye, Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa kwetu Arusha, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asipangishe nyumba. Mama Maria alikuwa na mradi wake wa kuku, naye akauacha. Wiki saba baadaye, Machi 26, Papa Paulo VI akatoa waraka wake Populorum Progressio, unaosema kuwa biashara kati ya tajiri na maskini haiwi ya haki kwa sababu tu pande zote mbili zimekubaliana. Roma na Arusha, mwaka mmoja! Nilipita pale Makumbusho ya Azimio mara mia na daladala, sikuwahi kuliwaza hilo.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Mwalimu aliuelewa uchumi wa kimataifa kupitia mkonge. Alikuwa akitoa hesabu hii: mwaka 1963 trekta moja lilihitaji tani 5 za mkonge; mwaka 1970 trekta lilelile lilihitaji tani 10. Mkulima hajawa mvivu wala ardhi haijachoka. Anachouza kinashuka, anachonunua kinapanda, na bei zote mbili zinapangwa kwingine. Darasani tunachora jambo hili kwa grafu nzuri kabisa, na nilipata alama nzuri kwenye mtihani wake. Kumbe ndilo swali la mzee wa kahawa! Nilikuwa na jibu muda wote, ila nilikuwa nimelijifunza kwa ajili ya mwalimu wa somo.

Februari 1979 alisimama tena Arusha mbele ya mawaziri wa Kundi la 77, akawahimiza waungane kama wafanyakazi wanavyoungana kwenye chama chao, maana nchi moja moja haina nguvu ya kupatana bei. Mwaka uleule aligombana na Shirika la Fedha la Kimataifa, lililotaka shilingi ishushwe thamani kabla ya kutoa mkopo. Alikataa.

Lakini jamani, tusimchore kama sanamu. Wazazi wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Bei ya mafuta na vita vya Kagera vilichangia, ila si vyote vya kulaumu nje. Watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na kuna waliowekwa kizuizini bila kesi. Mimi sioni faida ya kuyaficha, hasa mtu anapoombewa kutangazwa mtakatifu. Kinachonigusa ni kwamba yeye mwenyewe alikiri hadharani, akiwa bado madarakani, kuwa kuvunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Ni wanasiasa wangapi unawajua wanaofanya hivyo?

Misa alihudhuria karibu kila siku, akiwa Rais na baada ya hapo. Mwaka 1985 aling'atuka, akarudi shambani Butiama. Huyohuyo aliyeutafsiri mchezo wa Shakespeare na kuuita Mabepari wa Venisi, uzeeni akaziandika Injili kwa utenzi. Katikati ya hayo aliongoza Tume ya Kusini, iliyotoa ripoti yake mwaka 1990, bado anapigania bei ya haki. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Tangu mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri umekuwa ukiendelea kupitia Jimbo la Musoma.

Jumamosi ya tatu nilienda jumuiya. Baada ya sala ya mwisho nikamfuata yule mzee mwenyewe, nikachuchumaa, nikachora kwa kijiti kwenye vumbi: hapa Meru, hapa mnada wa Moshi, hapa New York ambako bei ya arabika inapangwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, sasa sisi wa hapa tufanye nini. Nikamwambia sijui bado, nipe muda. Akasema muda upo, ila nisikae sana. Bibi wa kuku alikuwa amesimama nyuma yetu, akaomba nirudie ile ya trekta.