Dk. Atiman na huruma ya mvulana
Mama mmoja aliniambia kliniki: binti yangu ana huruma, kaka yake anajua sheria tu, ndivyo wanaume walivyo. Carol Gilligan wa Marekani aliandika karibu hivyo mwaka 1982. Mimi nilimtajia Adrian Atiman, ambaye jina lake limo kwenye hospitali hapa Sumbawanga.

Alizaliwa jirani na Timbuktu, akaibwa angali mdogo, akauzwa. Wamisionari walimkomboa Algeria, wakamlea, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Mtoto aliyeibwa angeweza kukua na kisasi. Yeye alihudumiwa, akajifunza kuhudumia.

Kijana wako amewahi kuachiwa ambembeleze mdogo wake mwenye homa?