Joginder Singh, makanika wa Kericho aliyewashinda Porsche kwa gari la nyumbani

LIKASI, Haut-Katanga – Mtu akifika katika garaji la hapa Likasi na gari la michezo, lile la chini lenye injini ya kunguruma, fundi hamuulizi amelinunua kwa bei gani. Humuuliza piesi zitatoka wapi. Lubumbashi ni mwendo wa kilomita kama 120 tu, lakini mara nyingi kipuri cha gari la aina hiyo hakipo hata huko. Huagizwa Johannesburg, Dubai au Ulaya, hulipwa kwa dola kabla hakijaonekana, kisha husubiriwa Kasumbalesa. Wakati huo gari limelala juu ya mawe, na mwenye gari anapanda pikipiki.

Ndiyo maana wapenzi wa magari bado wanalitaja jina la Joginder Singh Bhachu, Mkenya aliyefariki London tarehe 20 Oktoba 2013 akiwa na miaka 81. Dunia ilimjua kama dereva wa mbio, lakini kabla ya yote alikuwa makanika. Alijua gharama ya kila nati iliyokatika, kwa kuwa kwa miaka mingi mfuko uliolipa ulikuwa wake au wa nyumba yao.

Alizaliwa Kericho, katika nchi ya chai magharibi mwa Kenya, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alitoka Punjab enzi za ukoloni wa Kiingereza kutafuta maisha Afrika Mashariki, kama walivyofanya Makalasinga wengi waliokuwa mafundi wa reli, seremala na wahunzi. Familia iliishi kwa kazi ya garaji. Joginder alikua akinusa grisi. Alishika spana akiwa kijana, akajifunza kusikiliza injini kabla ya kuifungua.

Katika miaka ya 1950 alipata kazi ya doria katika chama cha magari cha Afrika Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wenye magari yaliyoharibika. Kwa macho yangu, hiyo ndiyo shule iliyomtengeneza kuliko mashindano yoyote. Mtu anayeamka kila siku kukutana na magari ya watu wengine yaliyokufa njiani hujifunza haraka kinachovunjika kwanza, kinachoweza kufungwa kwa waya hadi mji unaofuata, na kinachomaliza safari palepale.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalikimbiwa wakati wa Pasaka, msimu wa mvua, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa maelfu ya kilomita za udongo, mawe na matope. Anayeijua barabara ya Likasi kwenda Kolwezi ilivyokuwa zamani mwezi wa Machi hahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yakawa saba tena.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Wakati huo viwanda vya Ulaya vilikuwa vimeanza kuona kwamba ushindi wa Nairobi huuza magari. Vilileta madereva wa kulipwa, mafundi wao, masanduku ya vipuri, na baadaye hata ndege na helikopta za kufuata magari kutoka juu. Mtu binafsi alikuwa na garaji lake, ndugu zake na akili yake.

Ushindi uliompa jina ulikuja mwaka 1965. Huku kwetu mji huu ulikuwa ungali unaitwa Jadotville. Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544, gari lenye mgongo wa mviringo lililokuwa limepitwa na wakati. Kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka huohuo. Tena halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika na timu ya Volvo yenyewe, likauzwa kama mtumba. Ndugu hao wawili walilichukua na kuliandaa upya.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu kazi ya maandalizi haionekani katika picha za ushindi. Gari la Safari lilifunguliwa hadi kubaki ganda. Sehemu za bodi zilizounganishwa kiwandani zililehemiwa upya ili zisiachane kwenye mashimo. Chini ya injini kulifungwa bamba la chuma, maana jiwe moja likitoboa bakuli la oili, injini nzima imekwenda. Springi na shokapu ziliimarishwa, mabomba ya breki na ya petroli yalikingwa, taa ziliongezwa kwa ajili ya usiku. Karibu kila kitu katika orodha hiyo ni kazi ya mikono na muda kuliko ununuzi wa kitu cha ghali. Mwenye garaji hulipia chuma na umeme. Asiye na garaji hulipia chuma, umeme, saa za fundi, na makosa ya fundi pia.

Volvo ile ya mtumba ilimaliza ya kwanza, dakika 100 mbele ya gari la pili. Hakuna Mkenya wa asili ya Asia aliyewahi kushinda Safari kabla yake. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa tu tangu uhuru, na Waasia wengi walikuwa wanajiuliza nafasi yao iko wapi katika nchi mpya. Watu wa kila rangi waliosimama kando ya barabara walimshangilia mwenye kilemba kama mtu wao. Walimwita Simba wa Kenya. Magazeti ya Kiingereza yalimwita Kalasinga Arukaye.

Baada ya hapo viwanda vilimtafuta. Miaka ya 1970 ilimkutanisha na Mitsubishi, kampuni ya Japani ambayo wakati huo haikuwa na jina kubwa katika mbio za magari. Gari lilikuwa Colt Lancer 1600 GSR, dogo, la injini ya lita 1.6, ndugu wa karibu wa gari ambalo mwalimu au karani angeweza kulinunua kwa kwenda kazini.

Safari ya 1974 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inahusu moja kwa moja maneno ya magaraji yetu. Upande mmoja alikuwepo Msweden Björn Waldegård na Porsche 911, gari la michezo hasa, lenye injini nyuma, lililojengwa na watu wasiofanya kazi nyingine. Alikuwepo pia Muitaliano Sandro Munari na Lancia Fulvia. Upande mwingine alikuwa makanika wa Kericho, mwenye miaka 42, pamoja na msoma ramani wake David Doig. Joginder alishinda. Waldegård alikuwa wa pili, Munari wa tatu.

Porsche ilirudi mwaka 1978 ikashika tena nafasi ya pili kwa Vic Preston mdogo. Katika miaka ile haikuishinda Safari kamwe. Si kwamba gari lilikuwa baya. Kwenye lami hakuna aliyelikaribia. Lakini gari la aina hiyo linadai fundi wake, chombo chake na kipuri chake, na usiku wa manane kwenye matope kipuri cha pekee kiko mbali kuliko cha kawaida.

Joginder alirudia mwaka 1976, tena na Doig, tena katika Lancer, na safari hii Mitsubishi ilichukua nafasi zote tatu za kwanza. Akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alifikisha mara tano.

Wanaohesabu ushindi tu wanakosa hesabu kubwa zaidi. Joginder alianza Safari 22 na kumaliza 19. Kwa mashindano ambayo kuna mwaka magari saba tu yalifika, tarakimu hiyo haifanani na ya binadamu. Siri, kwa jinsi wenzake walivyomjua, ilikuwa huruma kwa chombo. Hakukanyaga gesi pale palipokuwa na faida ndogo na hatari kubwa. Alisikia mlio wa fani inayoanza kuchoka kabla haijavunjika. Dereva wa kiwanda akivunja giaboksi, bili inakwenda Ulaya. Joginder alikulia mahali ambapo bili inabaki mezani, na hata alipopata mikataba mikubwa hakuacha kuendesha kama mtu atakayelipa mwenyewe.

Aliacha Safari baada ya mwaka 1980. Jina la Mitsubishi liliendelea bila yeye: Tommi Mäkinen alishinda Safari kwa Mitsubishi mwaka 1996 na 2001, na Richard Burns mwaka 1998. Hayo tayari yalikuwa magari ya namna nyingine, yenye turbo, magurudumu manne ya kuvuta na kompyuta. Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, sasa ikizunguka Naivasha.

Na magari ya ukoo huo ndiyo yanayoonekana siku hizi katika magaraji ya Likasi, usukani ukiwa kulia, yakiwa yametoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Mji huu haukosi mikono. Karakana kuu za Panda zimefundisha vizazi vya watu kuchonga chuma. Fundi aliyezoea lori la mgodi anaweza kuifungua injini ya Lancer na kuirudisha. Kinachomshinda ni turbo iliyokufa, ambayo haichongwi, na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ambayo garaji nyingi hazina. Kwa hiyo wiki hii, kama wiki iliyopita, kuna mwenye gari anayepiga simu Dubai kuuliza bei, na fundi amesimama pembeni akisubiri jibu.