Moreau wa Amani: Mtu aliyeonyesha hasara ya kuua hondohondo mmoja

Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, kuna makaburi ya mawe zaidi ya 40 kando ya msikiti wa kale. Ndivyo watu wa pwani walivyowaenzi wafu wao. Ndege hawajengi makaburi. Je, ndege mmoja akifa, nani anabaki na pengo?

Jibu moja lilipatikana kwenye milima ya Usambara Mashariki, kwa mtu ambaye hata chuo kikuu hakusoma.

Reginald Moreau alizaliwa Uingereza mwaka 1897. Alikuwa mkaguzi wa hesabu za jeshi. Maradhi ya viungo yakafanya ahamishiwe Misri kwenye joto, na huko ndiko aliponogewa na ndege. Huko huko akampata mkewe, Winifred, ambaye jina la ukoo wake lilikuwa Bird, yaani ndege!

Mwaka 1928 wakahamia Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kazini alishika hesabu na maktaba. Akitoka ofisini, ni msituni, pamoja na wenyeji waliowajua ndege vizuri, akiwemo Salimu Asmani.

Enzi hizo kumchunguza ndege kulimaanisha kumpiga risasi na kupeleka ngozi yake makumbusho. Moreau naye alikusanya hivyo. Ila akaongeza jambo lingine: kukaa karibu na kiota na kuhesabu.

Kwa hondohondo wa Amani, jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kuachwa upenyo mwembamba tu. Chakula chote kinaletwa na dume. Moreau na mkewe walikadiria kuwa kwa siku kama 120, dume hufanya safari 1,600 na kuleta matunda 24,000.

Sasa fikiria dume huyo akipigwa risasi. Jike aliyejifungia ndani haioni maiti. Anachojua ni kwamba tunda haliji. Abomoe ukuta amwache kinda bila ulinzi, au akae na njaa. Kama analia msiba, hesabu hizo hazisemi. Ila zinaonyesha kuwa risasi moja inaweza kumaliza familia nzima.

Misiba ya binadamu nayo ilimgusa kwa njia yake: mwaka 1944 alichapisha makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika, ule ambao hadi leo mtani hufanya vituko watu wakilia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alirudi Uingereza, akahariri jarida la ndege la Ibis. Alifariki Mei 1970. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika, kilitoka mwaka 1972 akiwa kaburini.

Hondohondo bado wanapiga kelele Amani. Ukimwona dume na tunda mdomoni, jua kuna anayemsubiri.